Shaka juu ya Asili na Uaminifu wa Biblia katika Ufuo wa Nyanza: Nafasi ya Lugha na Tafsiri

1. Utangulizi

Biblia ni kitabu kilichoenea sana katika ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Asembo na Alego, na ng'ambo ya ghuba kuanzia Kendu hadi Rusinga. Husomwa kanisani, husomwa matangani, na katika mabaraza ya wazee hutajwa pamoja na methali za jadi. Hata hivyo, tangu kilipofika katika sehemu hizo hawakukosekana watu waliouliza kimetoka wapi, ni nani aliyekiandika, na kama kinastahili kuaminiwa.

Maswali hayo hujibiwa kwa kauli mbili zinazopingana. Kauli ya kwanza husema kwamba Biblia ni utungo wa Wazungu, na kwamba ililetwa ili Mwafrika afumbe macho asali huku ardhi yake ikichukuliwa. Kauli ya pili husema kwamba kila neno lililomo limetoka kwa Mungu kama lilivyo, na kwamba anayeuliza amekwisha kupotea. Wenye kauli hizo hudhani kwamba wako mbali sana wao kwa wao. Kwa hakika wanashirikiana katika kosa moja: wote wawili huyachanganya maswali matatu ambayo hayana budi kutenganishwa. Swali la kwanza ni la asili: maandiko haya yalitungwa wapi, na nani, na lini? La pili ni la nakala: je, tulicho nacho leo ndicho kilichoandikwa hapo kale? La tatu ni la tafsiri: je, neno analolisoma Mjaluo au Mswahili lina maana ile ile ya neno lililo katika Kiebrania au Kiyunani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shaka iliyozuka Nyanza ilihusu zaidi swali la tatu, ingawa mara nyingi ilitamkwa kana kwamba inahusu la kwanza. Jambo hili lina uzito kwa wanataaluma wa lugha za Kiafrika, kwa sababu swali la tatu ni lao kabla ya kuwa la wanateolojia.

2. Namna tatu za kuipokea na kuikataa

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji huo ulipoitwa Port Florence na sehemu hizo zilipokuwa bado chini ya Uganda. Zilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1902. Wamisionari waliifuata reli. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga karibu na Kisumu. Waanglikana wa CMS walifungua shule ya Maseno mwaka 1906. Na mwaka huo huo Wasabato, wakiongozwa na A. A. Carscallen, walifika Gendia karibu na Kendu. Kila upande ulikuja na Biblia, na kila upande ulidai kwamba upande mwingine haukuielewa vyema. Basi wenyeji waliipokea Biblia ikiwa tayari ni kitabu kinachobishaniwa. Shaka haikupandwa na wenyeji peke yao.

Itikio la wenyeji lilikuwa la namna tatu. Namna ya kwanza ilikuwa kukataa kabisa. Mfano wake ni imani ya Mumbo, iliyoanza Alego mwaka 1913 kwa Onyango Dunde, aliyesimulia kwamba alimezwa na joka la ziwani, akatapikwa, akapewa ujumbe wa kuwapelekea watu. Ujumbe huo uliikataa dini ya wamisionari pamoja na desturi za Kizungu, ukawaita watu warudie mambo yao. Mumbo haikubishana na Biblia aya kwa aya. Iliweka ufunuo wake mahali pa ufunuo ule.

Namna ya pili ilikuwa kukubali maandiko na kuwakataa wasimamizi wake. Johana Owalo wa Asembo alikuwa amepitia Kanisa Katoliki, misheni ya Waskoti na dini ya Kiislamu. Alieleza kwamba mwaka 1907 alipata njozi iliyompa kazi ya kuhubiri, na mwaka 1914 akaanzisha kanisa la Nomiya, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza kati ya makanisa ya kujitegemea nchini Kenya. Jina lenyewe la kanisa hilo ni kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kupewa: mwanzilishi alidai kwamba alichokuwa nacho hakukipata kwa Mzungu. Owalo alikataa fundisho la Utatu, akakataa Yesu kuabudiwa kama Mungu, na akawataka wafuasi wake watahiriwe, jambo ambalo si mila ya Wajaluo, waliokuwa na desturi ya kung'oa meno ya chini. Tohara hiyo aliitetea kwa agano la Ibrahimu. Huyu hakukana Biblia. Alikana haki ya misheni ya kuchagua amri zipi zifuatwe na zipi ziachwe.

Namna ya tatu ilikuwa kulishitaki kanisa kwa ushahidi wa kitabu chake lenyewe. Katika miaka ya 1957 na 1958, kundi kubwa la Waanglikana wa Nyanza, likiongozwa na Abednego Matthew Ajuoga, lilijitenga na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika. Watu hao walijulikana kwa jina la Johera, yaani watu wa upendo, kwa sababu walishikilia kwamba upendo unaotajwa katika maandiko ulikuwa umepungua kanisani. David Barrett, aliyefanya kazi ya misheni katika sehemu hizo, alitoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 1968 kwamba kupatikana kwa maandiko katika lugha za wenyeji ni mojawapo ya sababu za kuzuka kwa makanisa ya kujitegemea katika Afrika. Msomaji aliyepata kitabu kwa lugha ya mama alipata kipimo cha kumpimia aliyemletea kitabu hicho.

Katika namna zote tatu, ni ya kwanza tu iliyoikataa Biblia yenyewe. Wengi waliokuja kuitwa wakaidi na waasi walikuwa wasomaji.

3. Swali la asili

Hoja kwamba Biblia ni kazi ya Wazungu haiwezi kusimama mbele ya historia ya maandiko hayo. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iliandikwa kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, lugha iliyotumika katika pwani yote ya mashariki ya Bahari ya Kati, Misri ikiwamo. Tafsiri ya kwanza kubwa ya Torati ilifanywa Aleksandria katika Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Orodha ya kwanza inayojulikana yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kupunguza wala kuzidisha, imo katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Mabaraza ya kanisa yaliyothibitisha orodha kwa upande wa Kilatini yalikutana Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, na miji hiyo miwili ilikuwa katika Afrika ya Kaskazini. Madai yanayorudiwa mara kwa mara kwamba Mfalme Konstantino aliitengeneza Biblia katika baraza la Nikea mwaka 325 hayana msingi: kanuni zilizopitishwa na baraza hilo hazina orodha ya vitabu vya Biblia.

Katika Uhabeshi maandiko yalitafsiriwa kwa Kigeezi kuanzia takriban karne ya 4 hadi ya 6, na kanisa la huko lilihifadhi vitabu, kama kile cha Henoko, ambavyo havimo katika Biblia za Ulaya. Waingereza walipata Biblia nzima kwa lugha yao katika miaka ya 1380, karne nyingi baada ya Wahabeshi. Upande wa mto Naili, falme za Nubia ziliingia katika Ukristo katika karne ya 6, na kati ya karne ya 8 na ya 15 watu wake waliandika sehemu za Injili kwa Kinubi cha kale. Jambo hili lapasa kumvutia mwanaisimu wa Nyanza. Katika uainishaji wa Joseph Greenberg wa mwaka 1963, Kinubi na lugha za Kinailoti, Kijaluo kikiwamo, huwekwa pamoja katika tawi la Sudani ya Mashariki. Kwa hiyo Injili iliandikwa katika lugha iliyo jamaa wa mbali wa Kijaluo karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka katika gati ya Kisumu.

Hata hivyo, kuikataa hoja ya kwanza hakumaanishi kuikubali ile ya pili. Anayesema kwamba vitabu vitano vya Torati viliandikwa vyote kwa mkono wa Musa hana budi kueleza sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, ambayo inasimulia kifo na maziko ya Musa mwenyewe. Injili nne hazitaji majina ya waandishi wake ndani ya masimulizi yenyewe. Majina tunayoyajua yalitoka katika mapokeo ya kanisa. Wataalamu wengi wa Ulaya, hasa tangu kazi ya Julius Wellhausen ya mwaka 1878, wamefikia rai kwamba Torati ni mkusanyiko wa mapokeo ya zama mbalimbali yaliyounganishwa baadaye.

Si kweli kwamba maswali ya namna hii ni ya Ulaya pekee. Katika Natal, Afrika ya Kusini, Askofu J. W. Colenso alikuwa akitafsiri kisa cha gharika kwa Kizulu, na msaidizi wake William Ngidi akamwuliza kama mambo hayo yalitukia kweli. Askofu alikiri kwamba hakuweza kujibu kwa dhamiri safi, na kuanzia mwaka 1862 akachapisha uchunguzi wake juu ya Torati. Mwaka 1863 alihukumiwa kuwa mzushi na askofu mkuu wake wa Cape Town. Kazi ya kutafsiri ndiyo iliyolizusha swali lile. Anayelisoma neno kwa lugha aliyoizoea huweza kulipita bila kulitazama. Anayetakiwa kulitafutia neno la pili katika lugha nyingine hulazimika kulipima.

Ufuo wa Nyanza una ushahidi wake wa pekee juu ya suala la uumbaji. Kisiwa cha Rusinga ndicho mahali ambapo Mary Leakey alipata, mwaka 1948, fuvu la kiumbe aitwaye Proconsul, aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa mtoto wa mmisionari wa CMS wa Kabete ambaye alishiriki katika kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Shemasi Mkuu W. E. Owen, kiongozi wa CMS katika sehemu za Kavirondo, naye alikusanya visukuku, na ndiye aliyegundua mabaki ya kisiwa cha Maboko katika ghuba ya Kisumu. Hesabu inayosema kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo ni ya Askofu Ussher wa Ireland, iliyotolewa mwaka 1650 na kuanza kuchapishwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza mwaka 1701. Hesabu hiyo haimo katika matini ya Kiebrania. Visukuku vya Rusinga vinaikanusha pambizo ile moja kwa moja. Kuhusu matini, vinamtaka msomaji aamue kama sura za mwanzo ziliandikwa ziwe hesabu ya miaka au ziwe simulizi la namna nyingine, na uamuzi huo ni wa fasihi kama ulivyo wa imani.

4. Swali la nakala

Hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mkono wa nabii au mtume uliobaki. Kilichobaki ni nakala za nakala. Kabla ya mwaka 1947, nakala kongwe kamili za Agano la Kale kwa Kiebrania zilikuwa za karne ya 10 na ya 11 baada ya Kristo. Magombo yaliyogunduliwa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, yaliurudisha ushahidi nyuma kwa takriban miaka elfu moja. Gombo kubwa la Isaya, la karne ya 2 kabla ya Kristo, lilionekana kulingana kwa sehemu kubwa na nakala za baadaye, ingawa lina tofauti nyingi ndogo za maneno na tahajia. Kitabu cha Yeremia kilitoa somo jingine. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ya kitabu hicho ni fupi kuliko matini ya Kiebrania iliyozoeleka kwa takriban sehemu moja ya nane, na huko Qumran vilipatikana vipande vya Kiebrania vinavyolingana na umbo hilo fupi. Yaani katika zama hizo kitabu kimoja kilikuwa kikisomwa katika maumbo mawili.

Kwa Agano Jipya kuna hati za mkono za Kiyunani zaidi ya 5,000, nzima na vipande. Kipande kidogo cha Injili ya Yohana kilichopatikana Misri huwekwa kwa kawaida katika karne ya 2. Wingi huo wa hati una faida, kwa maana makosa ya mnakili mmoja hugunduliwa kwa kulinganisha na wengine. Nao una gharama, kwa maana tofauti hazifichiki. Hati mbili mashuhuri za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia Injili ya Marko katika aya ya 8 ya sura ya 16, wala hazina kisa cha mwanamke mzinzi kilicho katika Yohana sura ya 8. Inafaa kukumbuka kwamba kurasa za kwanza za hati ya Sinai zilionwa na Konstantin von Tischendorf mwaka 1844, mwaka ule ule ambao Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa. Waafrika wa Mashariki walianza kupokea maandiko kwa lugha zao wakati ule ule ambapo wataalamu wa Ulaya walikuwa wanaanza kuyapima upya. Habari ya upimaji huo haikufungashwa pamoja na maandiko yenyewe.

Basi jibu la haki kwa swali la pili ni hili: maandiko yamehifadhiwa vizuri kuliko wanavyodai wanaoyadharau, na hayakuhifadhiwa bila tofauti kama wanavyodai wanaoyatetea. Mtu aliyefundishwa kwamba hakuna hata nukta iliyobadilika huanguka vibaya siku anapoonyeshwa mabano katika Biblia yake.

5. Swali la tafsiri

Agano Jipya kwa Kijaluo lilichapishwa mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Kila ukurasa ulidai maamuzi, na baadhi ya maamuzi hayo yaligusa kiini cha imani.

Chukua jina la Mungu. Biblia ya Kijaluo hutumia Nyasaye. Baadhi ya wataalamu hulihusisha jina hilo na kitenzi chenye maana ya kuomba na kusihi. Wengine husisitiza kwamba hupatikana pia kwa majirani wa Kibantu, kama vile Walogoli, na kwamba huenda lilivuka mpaka wa lugha. Neno la kale zaidi katika jamii ya lugha za Kiluo ni juok, ambalo Bethwell Ogot alilichunguza katika makala yake ya mwaka 1961. Kwa Washilluk wa Sudani ya Kusini, Juok ndilo jina la Mungu. Kwa Waacholi wa Uganda, jok ni nguvu au pepo. Katika Kijaluo cha leo, juok ni uchawi. Mzizi mmoja humwelekeza Mshilluk juu mbinguni, na humwelekeza Mjaluo kwa mchawi. Hakuna hati ya Kiyunani wala ya Kiebrania iwezayo kumweleza msomaji kwa nini ikawa hivyo. Ni historia ya lugha peke yake.

Okot p'Bitek, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi Kisumu na kuandaa huko tamasha la sanaa, aliitia makali hoja hii. Alieleza kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na kitenzi cha kuumba kutoka katika utupu, swali liligeuzwa kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walitatizika, kwa maana mtu huzaliwa na mamaye, hafinyangwi. Hatimaye mmoja alikumbuka kwamba wako watu ambao uti wao wa mgongo hupindwa, na anayewafinyanga hivyo ni Rubanga. Kwa njia hiyo, kwa maelezo ya Okot, pepo wa kibyongo alipandishwa cheo akawa Mwumba mbingu na nchi. Katika vitabu vyake vya mwaka 1970 na 1971 alikataa kwamba Waluo walikuwa na dhana ya Mungu mmoja mkuu kabla ya wamisionari, na akawashutumu pia wasomi wa Kiafrika waliowavika miungu wa jadi mavazi ya Kiyunani.

Hoja ya Okot imepingwa na wengi, na si lazima ikubaliwe yote. Lakini kwa upande wa isimu swali lake halijafutika. Kijaluo nacho hutumia, kwa tendo la Mungu la kuumba, kitenzi chweyo, ambacho ndicho hutumiwa kwa mfinyanzi na chungu chake. Hapo tafsiri ilibahatika, kwa maana sura ya 2 ya Mwanzo humchora Mungu akimfanya mtu kwa udongo. Katika sura ya 1 hakuna udongo, bali amri tu, na kitenzi cha Kiebrania ni kingine. Msomaji wa Kijaluo hukutana na mfinyanzi mahali ambapo msomaji wa Kiebrania hakutani naye.

Kiswahili nacho kimechangia. Roho Mtakatifu katika Biblia ya Kijaluo ni Roho Maler. Neno roho lilitoka katika Kiarabu, likakaa katika Kiswahili, likapanda hadi ziwani. Kuchagua neno geni kulikuwa njia ya kuepa maneno ya wenyeji yaliyohusu mizimu na kupagawa. Lakini neno geni halikai tupu. Baada ya Alfayo Odongo Mango kuuawa Musanda mwaka 1934, wafuasi wa vuguvugu lake walieneza makanisa yanayojulikana hadi leo kwa jina la Roho, ambamo kujazwa na Roho, kutabiri na kuponya ndiyo nguzo za ibada. Neno lililochukuliwa ili kuzuia maana fulani lilipata maana mpya mikononi mwa waliolipokea. Jina la kitabu chenyewe, Muma Maler, limejengwa juu ya neno muma, lihusulo kiapo. Anayeshika kitabu kiitwacho kiapo hakitazami kama anayeshika kitabu kiitwacho vitabu tu, ambayo ndiyo maana ya asili ya neno Biblia katika Kiyunani.

6. Pengo la miaka ishirini na saba na suala la tero

Kati ya Agano Jipya la mwaka 1926 na Biblia kamili ya mwaka 1953 kuna pengo la miaka 27. Katika muda huo msomaji aliyetaka Agano la Kale lote alilazimika kulitafuta katika lugha nyingine: Kiingereza, au Kiswahili, ambacho kilikuwa na Biblia nzima tangu mwaka 1891, au Kiganda, kilichokuwa nayo tangu mwaka 1896. Si ajabu kwamba wengi walihisi wamefichwa jambo. Walipoifikia Torati walikuta wake wengi wa Yakobo na wa Daudi, nasaba ndefu za koo, sadaka za wanyama, na miiko ya vyakula. Yaani walikuta jamii iliyofanana na yao kuliko ilivyofanana na ya wamisionari. Oginga Odinga, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alisimulia jinsi alivyogombana na kanisa kwa kutaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Majina ya Kiingereza yaliyotakiwa hayakuwa na amri ya maandiko. Swali lilikuwa ni lipi la Biblia na ni lipi la aliyeileta.

Suala la tero linaonyesha vizuri kwa nini maswali haya si mchezo wa wasomi. Tero ni desturi ya mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu. Mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, kwa sababu ndoa yake haikuvunjwa na kifo. Misheni ziliikataza. Lakini hata kabla ya mwaka 1953, Agano Jipya la Kijaluo lilikuwa na swali la Masadukayo katika Marko sura ya 12, juu ya ndugu saba waliomwoa mjane mmoja kwa kufuatana, ambalo linaitaja sheria ya Musa kuwa ndiyo msingi wake. Msomaji aliweza kuona kwamba sheria hiyo ipo, na hakuweza kuisoma kwa lugha yake. Ilipofika, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ilionekana kuwatetea wazee dhidi ya misheni.

Uchunguzi wa matini hauridhishi upande wowote. Sheria ya Torati inahusu marehemu aliyekufa bila mwana, na kusudi lake ni kwamba jina lake lisifutwe katika Israeli. Tero haina sharti hilo. Sheria hiyo inamruhusu ndugu kukataa, kwa kupata fedheha mbele ya wazee, na ni mwanamke anayemshitaki mlangoni pa mji. Tena Mambo ya Walawi, katika sura ya 18 na ya 20, hukataza kumchukua mke wa ndugu. Hivyo aliyesema kwamba Biblia inapinga jambo hilo kabisa alikuwa ameacha ukurasa mmoja, na aliyesema kwamba Biblia inaamrisha tero alikuwa ameacha mwingine. Tangu Ukimwi ulipoenea katika ufuo wa ziwa katika miaka ya 1980, mabishano hayo yamehusu uhai wa wanawake, na aya zile zile zimetumiwa kuwalazimisha na kuwakinga. Kusoma vibaya kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi na anayesoma vibaya.

7. Hitimisho

Shaka juu ya Biblia katika Nyanza si ugonjwa ulioletwa na elimu ya juu, wala si dalili ya uhuru wa fikra peke yake. Ilizaliwa pamoja na usomaji. Watu waliambiwa kwamba kitabu hiki ndicho hakimu wa mwisho; wakajifunza kusoma; wakamwita hakimu atoe ushahidi, hata dhidi ya waliomleta. Waliposema kwamba kitabu ni cha Wazungu, mara nyingi walimaanisha kwamba tafsiri, uchaguzi wa amri na haki ya kufafanua vilikuwa mikononi mwa Wazungu. Kwa maana hiyo hawakukosea. Walikosea, na bado wengi hukosea, wanapoigeuza kauli hiyo kuwa historia ya maandiko, ambayo inapitia Aleksandria, Karthago, Uhabeshi na Nubia kabla ya kufika London.

Maswali mawili ya kwanza yana wataalamu wake: wanahistoria, wanaakiolojia na wasomaji wa hati za kale. Swali la tatu halina mwenyewe. Idara za lugha za Kiafrika zimeyaachia makanisa kazi ya kuchunguza tafsiri za Biblia, hali tafsiri hizo ni miongoni mwa matini ndefu za mwanzo kuchapishwa katika lugha nyingi za Afrika ya Mashariki, na zimegeuza maana za maneno kuliko kamusi yoyote. Panahitajika rekodi ya matumizi ya maneno kama juok, muma, chweyo na roho nje ya kanisa, kwa wazee wa Alego, Uyoma, Seme na Karachuonyo. Panahitajika ulinganisho wa toleo kwa toleo. Na panahitajika walimu wanaojua Kiebrania na Kiyunani pamoja na lugha za wenyeji. Toleo jipya linapotengenezwa, maelezo ya pambizoni yaseme waziwazi mahali ambapo hati za kale zinahitilafiana, na mahali ambapo mtafsiri alichagua neno moja akaacha jingine.

Kazi hiyo haitamfanya asiyeamini aamini, wala haitamtoa aaminiye katika imani yake. Itamwezesha kila mmoja wao kujua anachokikubali au kukikataa: neno la mwandishi wa kale, mkono wa mnakili, au uamuzi wa mtafsiri aliyeketi Maseno au Gendia akitafuta, katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo, jina la kumwita Mungu.